Mwongozo kamili: Kuifanya njia ya pamoja iwe salama kwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye skuta za umeme

Habari ninazoletewa ni zilezile. Kamati imekutana, imechanga, imesimamisha kibao cha "PUNGUZA MWENDO" na kuchora mstari mweupe katikati ya njia. Mwezi haujaisha, mtu amegongwa palepale watu walipokuwa wakikoswakoswa tangu zamani. Kisha naulizwa kibao kinachofuata kiwe na ukubwa gani.

Kibao ni kazi ya mwisho. Mkianza nacho mtarudi mwanzo.

Njia ya pamoja haiwi ya hatari mwanzo hadi mwisho. Huwa na sehemu chache mbaya: kona iliyozibwa na kichaka, mahali panapobana, mteremko unaomwagikia kwenye makutano. Hapo mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa anakutana ghafla na mtu anayekwenda kilomita 25. Kazi yako ni kuzitambua sehemu hizo, kuwafanya watu waonane mapema, na kuipunguza tofauti hiyo ya mwendo. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa mfuatano huo, kwa hiyo usiziruke.

## Vitu vya kuandaa

- Futi kamba ya kupimia, na kamba ndefu ya mita 20
- Chaki nene ya kuandikia sakafuni
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na sehemu za sekunde
- Daftari na mchoro wa njia, hata wa mkono
- Mkasi wa kukatia matawi, ufagio mgumu na koleo
- Tochi
- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye njia, kwa sababu kuanzia hatua ya 3 utagusa vitu visivyo vyako
- Watu wanne: mwenye baiskeli, mwenye skuta, mtu anayetembea na mtoto mdogo, na mtu asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu

Hao wanne ndio wanaokosekana mara nyingi kuliko vifaa vyote. Njia ikipangwa na waendesha baiskeli peke yao itawafaa waendesha baiskeli. Ikipangwa na wanaoogopa baiskeli, itajaa vizuizi vitakavyomzuia hata mwenye kiti cha magurudumu.

## Hatua ya 1: Kaa utazame

Chagua nyakati tatu: asubuhi watu wanapowahi, jioni wanaporudi, na siku ya mapumziko watoto wanapokuwa wengi. Kila wakati kaa dakika 60. Usivae fulana ya kung'aa wala usisimame katikati, maana watu wakijua wanatazamwa hubadilika.

Unachoandika ni kosakosa, hata kama hakuna aliyeumia. Dalili zake: mtu kuruka pembeni, breki kulia, usukani kukatwa ghafla, mzazi kumvuta mtoto mkono. Kila unapoona moja, tia alama kwenye mchoro mahali hasa ilipotokea, na uandike nani alikuwa akielekea wapi.

Nieleze moja niliyoiona, kwa sababu inafundisha mengi. Mama alikuwa anatembea na mtoto wa miaka minne hivi, mtoto upande wa kushoto akikanyaga majani makavu ili ayasikie yakivunjika. Nyuma yao ikaja skuta, kimya kabisa. Kijana aligonga kengele akiwa amebakiza hatua tatu. Mama akageuka kulia kutazama, na mguu ukafuata macho: akaingia palepale kijana alipotaka kupita. Skuta ilisimama umbali wa kiganja kutoka kwenye mkoba wa mama. Wote watatu wakaenda zao, na hakuna aliyeandika popote.

Kijana yule hakuwa mhuni. Kengele alipiga, ila aliipiga akiwa amechelewa, na njia pale ilikuwa na upana usiofika mita 2. Ukimlaumu yeye peke yake utaacha upana ule ule uwasubiri wengine.

Umefaulu ukiona: alama kwenye mchoro zimejikusanya mahali pachache. Zikiwa zimetawanyika kote, hujatazama vya kutosha. Rudi ukae tena.

## Hatua ya 2: Pima mwendo na upana

Usitegemee maneno ya "wanakimbia sana". Kwenye kila sehemu mbaya, chora mistari miwili ya chaki yenye mita 20 kati yake. Hesabu sekunde anazotumia mtu kutoka mstari mmoja hadi mwingine:

- Sekunde 4.8: kilomita 15 kwa saa
- Sekunde 3.6: kilomita 20 kwa saa
- Sekunde 2.9: kilomita 25 kwa saa

Pima angalau watu 30, baiskeli na skuta kila kundi kivyake. Andika wote, usichague wanaokuudhi.

Sababu ya kuhangaika na namba hizi ni umbali wa kusimama. Chukulia mtu anatumia sekunde 1.5 kushtuka na kukamata breki, breki ni nzuri na njia ni kavu. Akiwa kilomita 15 kwa saa atahitaji kama mita 9 ili asimame. Akiwa kilomita 20, mita 13 na ushei. Akiwa kilomita 25, mita 18 na zaidi, yaani maradufu ya yule wa kwanza. Na akigonga bila kufunga breki, nguvu anayokuja nayo kwenye kilomita 25 ni karibu mara tatu ya ile ya kilomita 15, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo.

Kisha pima upana. Usipime lami tupu. Pima sehemu inayopitika kweli, ukiondoa matawi yaliyoinama, viti, mapipa na skuta zilizoegeshwa. Njia ya mita 3 kwenye ramani mara nyingi ni ya mita 2 na kidogo kwa miguu yako.

Umefaulu ukiona: kila alama kwenye mchoro ina namba mbili pembeni yake, mwendo na upana.

## Hatua ya 3: Wape watu nafasi ya kuonana

Hii ndiyo hatua ya gharama ndogo na faida kubwa, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kwenye kona, msimamishe mwenzako upande mmoja na wewe upande mwingine. Sogeleaneni polepole mkifuata mstari ambao watu huufuata kweli. Mara tu mnapoonana, simameni na mpime umbali kati yenu kwa kuifuata njia.

Sasa linganisha na namba za hatua ya 2. Wapanda baiskeli wawili wanaokutana, kila mmoja akiwa kilomita 20 kwa saa, wanahitaji jumla ya mita 27 ili wote wasimame kabla ya kugusana. Mkionana kwa mita 12, pale si suala la adabu tena. Hata mwenye adabu atagonga.

Rudia zoezi hilo ukiwa umechuchumaa, macho yakiwa kama mita 1 kutoka ardhini. Huo ndio urefu wa mtoto, na wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anaukaribia. Kichaka unachokiona kwa juu ukiwa umesimama kinageuka ukuta ukichuchumaa.

Kata matawi kuanzia ndani ya kona, upande ule njia inakopinda, kwa kuwa ndio unaoziba macho. Pandisha matawi ya miti na ushushe vichaka. Kama kizuizi ni ukuta au nyumba, usipoteze muda kukishangaa. Andika kona hiyo kwa ajili ya hatua ya 7.

Onyo: usifyeke kabla ya majira ya mimea kukua ukadhani umemaliza. Panga tarehe ya kurudi sasa hivi, kwenye ukurasa huohuo wa daftari.

Umefaulu ukiona: mnaonana kwa umbali usiopungua jumla ya mita mlizohitaji, mkiwa mmesimama na mkiwa mmechuchumaa.

## Hatua ya 4: Kagua uso wa njia kwa jicho la gurudumu dogo

Gurudumu la baiskeli ya kawaida ya mtu mzima lina kipenyo cha karibu sentimita 70. La skuta nyingi ni sentimita 20 hadi 25. Shimo ambalo baiskeli inalivuka bila mwenyewe kushituka linaweza kulimeza gurudumu la skuta na kumrusha mtu mbele, kwa sababu amesimama wima na uzito wake uko juu.

Pita njia yote polepole, ukitafuta:

- Nyufa zinazokwenda sambamba na mwelekeo wa safari. Hizi ni mbaya kuliko zinazokatiza, maana hukamata gurudumu na kulielekeza zinakotaka.
- Nyavu za mifereji zenye vyuma vilivyolala kuelekea mbele. Zinatakiwa zikatize njia.
- Mizizi iliyoinua lami.
- Mchanga na kokoto kwenye kona.
- Mifuniko ya chuma na rangi laini, ambavyo huteleza vikilowa.

Rudi siku ya mvua. Madimbwi yatakuonyesha mabonde ambayo jua lilikuficha, na utaona jinsi watu wanavyoyakwepa kwa kuingia upande wa wenzao. Dimbwi moja katikati linatosha kuifanya njia pana iwe nyembamba.

Kufagia mchanga na kuokota matawi fanyeni wenyewe. Nyufa, nyavu na mizizi mpelekeeni mwenye njia mkiwa na picha, vipimo na mahali. Picha iwe na futi kamba ndani yake, ili asipate la kusema kwamba shimo ni dogo.

Umefaulu ukiona: mwenye skuta wenu amepita njia yote bila kukata usukani kukwepa kitu.

## Hatua ya 5: Ng'oa vizuizi vinavyoumiza

Watu wakiogopa magari au pikipiki kuingia njiani, huweka nguzo fupi katikati. Nia ni njema, lakini nguzo hiyo haionekani usiku, na mchana hufichwa na mgongo wa aliye mbele. Waendesha baiskeli wakienda kwa kundi, wa pili ndiye anayeipata. Uholanzi, nchi yenye njia nyingi za baiskeli, imeziona nguzo hizi kuwa chanzo cha ajali na imekuwa ikiziondoa.

Jiulize kwanza: gari linapita kweli hapa? Kama halipiti, ng'oa. Kama linapita, acha nguzo lakini:

1. Pafike mita 1.5 wazi kila upande, ili kiti cha magurudumu na baiskeli ya mzigo vipite.
2. Iwe na rangi inayotofautiana na lami pamoja na ukanda unaoakisi mwanga.
3. Mchore mstari ardhini mita kadhaa kabla yake, ili aliyezibwa na mwenzake aonywe na ardhi.

Milango ya kupinda-pinda inayomlazimisha mtu ashuke, mimi siipendi kabisa. Inamfungia nje anayesukuma kigari cha mtoto na mwenye kiti cha magurudumu, huku kijana mwenye skuta akiinyanyua na kuendelea.

Umefaulu ukiona: mwenzenu wa kiti cha magurudumu amepita peke yake bila kusaidiwa.

## Hatua ya 6: Tenganisha, lakini pale tu panapotosha

Kila kundi likipata njia yake, mambo hutulia. Shida ni pale watu wanapogawa njia ya mita 2.5 kwa mstari mweupe. Wanaotembea wawili wawili hawawezi kubaki kwenye mita 1 na kidogo. Watavuka mstari, na mwenye baiskeli ataona "wameingia kwake" na kuongeza mwendo kwa hasira. Mstari umezaa ugomvi ambao haukuwepo.

Mwongozo wa serikali wa Uingereza wa mwaka 2020 unaweka mita 3 kuwa upana wa chini wa njia ya pamoja yenye watembea kwa miguu wasiozidi 300 na baiskeli zisizozidi 300 kwa saa. Baiskeli zikizidi hapo, upana unapanda hadi mita 4.5. Hesabu wanaopita kwenu kwa saa moja, ulinganishe, na utajua mnasimama wapi.

Kanuni ninayoitumia: kama baada ya kugawa watembea kwa miguu hawabaki na mita 2 kamili, usigawe. Iache njia iwe ya pamoja, na ukazane kupunguza mwendo.

Mkigawa, msitegemee rangi peke yake. Asiyeona haoni mstari. Anahitaji tofauti anayoweza kuigusa kwa fimbo yake nyeupe au kwa unyayo: upande mmoja uinuke kidogo, au lami ikutane na matofali yenye mikwaruzo. Ukingo kati ya pande mbili uwe wa mshazari, usiwe wima, kwa sababu gurudumu likiparaza ukingo wima mpanda baiskeli huanguka.

Onyo: usiweke ukingo huo bila yule asiyeona wa kundi lenu kuujaribu. Kinachoonekana wazi kwa macho kinaweza kutohisika kabisa kwa fimbo.

## Hatua ya 7: Punguza mwendo kwa umbo la njia

Tuta la kawaida usiliweke. Baiskeli hulipita, magari hayapo, anayeumia ni mwenye skuta na mwenye kiti cha magurudumu.

Kinachofanya kazi ni njia yenyewe kumwambia mtu "hapa si pa kukimbia". Mita 20 hivi kabla ya sehemu mbaya, badilisha uso kutoka lami laini kwenda matofali yaliyopangwa vizuri: sauti na mtikisiko mdogo vinatosha kumwamsha. Panda mimea mifupi pembeni ili njia ionekane imebana bila kubana kweli. Kwenye kona zilizozibwa na ukuta, chora mstari wa katikati kwa mita chache tu za kona, ili kila mmoja abaki upande wake. Hapo ndipo mstari mweupe una kazi.

Skuta za kukodi zina njia ya ziada: kampuni inaweza kuzipunguza mwendo kwa mbali zinapoingia eneo fulani. Paris ilifanya hivyo mwaka 2021, ikazibana zisizidi kilomita 10 kwa saa kwenye maeneo yaliyochaguliwa. Iandikieni kampuni hiyo mkiwa na vipimo vyenu. Fahamuni tu kwamba setilaiti zinazoonyesha skuta ilipo hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo ukanda mwembamba uliobanana na barabara ya magari hautambuliki vizuri. Ombeni eneo pana. Na skuta za watu binafsi hazimo.

Umefaulu ukiona: kwenye mistari yako ya mita 20, wengi wanatumia sekunde 4.8 au zaidi.

## Hatua ya 8: Mwanga

Pita usiku na tochi ikiwa imezimwa. Unatafuta mapengo meusi kati ya taa na taa, maana jicho lililotoka kwenye mwanga mkali halioni kitu gizani kwa muda. Taa nyingi za kiasi ni bora kuliko moja kali. Zielekee chini, zisimchome macho anayekuja.

## Hatua ya 9: Sasa ndiyo kibao

Kimoja kila mwingilio, chenye picha, na maneno yasiyozidi manne au matano. Picha ya mtembea kwa miguu iwe juu na kubwa kuliko zote.

Kabla ya kuandika namba yoyote ya mwendo, soma sheria ya mahali mlipo. Ujerumani skuta za umeme hazitakiwi kuzidi kilomita 20 kwa saa, Ufaransa ni 25. Singapore ilizifungia kabisa njia za watembea kwa miguu mwezi Novemba 2019, zikabaki kwenye njia za baiskeli na za pamoja. Kibao kinachopingana na sheria kinaweza kuwageukia nyie siku ya ajali.

## Hatua ya 10: Wafundishe watu namna ya kupitana

Simameni njiani asubuhi mbili tatu, wale wanne, mzungumze na watu kwa upole. Semeni mambo machache yanayofanyika kweli.

Kwa mwenye baiskeli au skuta: piga kengele mara moja ukiwa umbali wa mita 15 hadi 20, si hatua tatu. Kisha ngoja uone mtu amefanya nini. Akigeuka, mguu utafuata macho, kwa hiyo mpe muda amalize kusogea. Mpite kwa mwendo wa kukimbia polepole, ukiacha mita 1. Nafasi ya mita 1 ikikosekana, shuka au baki nyuma yake. Asiyegeuka huenda ni kiziwi. Usimpigie tena na tena, mpite kama mtu asiyejua uko hapo.

Kwa mwenye skuta hasa: mtu mmoja kwa skuta moja, mikono miwili kwenye usukani, magoti yalegee. Unapofunga breki rudisha uzito nyuma. Kuachia mkono mmoja kuonyesha unakopinda kunaiyumbisha skuta, kwa hiyo punguza mwendo kwanza. Ukiegesha, isimamishe nje ya njia. Skuta iliyolala ni mtego kwa asiyeona.

Kwa anayetembea: tembea moja kwa moja, tazama nyuma kabla ya kubadili upande, acha sikio moja wazi, na kamba ya mbwa iwe fupi. Kamba ndefu ikikatiza njia jioni haionekani kabisa.

## Hatua ya 11: Rudi upime

Baada ya wiki 6 hivi, rudi mahali palepale, siku ileile ya wiki, saa ileile. Kaa dakika 60. Hesabu kosakosa, pima watu 30 kwenye mita 20.

Mwendo ukiwa umeshuka lakini kosakosa ziko palepale, tatizo ni macho au upana: rudi hatua ya 3 na ya 6. Kosakosa zikiwa zimehamia mita 50 mbele, umewasukuma tu. Sehemu mpya ianzie hatua ya 1. Vyote viwili vikiwa vimeshuka, tazama wazazi wanapofika kwenye ile kona. Kama wanaendelea kumvuta mtoto mkono hata njia ikiwa tupu, bado hawajaiamini. Waulize wanaogopa nini, na jibu lao liwe mstari wa kwanza kwenye ukurasa mpya wa daftari.